Kilindoni kwa Potwe

Boti ya Nyamisati ilipita kwanza kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, kisha ikatokea bahari ya wazi. Hapo wapiga soga wakanyamaza mmoja mmoja, na mama aliyeketi mbele yangu akatoa ndimu kwenye kanga yake akawa anainusa. Jua lilikuwa limeinama tulipoteremka Kilindoni, kisiwani Mafia.

Nilikuja kumwona potwe, papa ambaye ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Kati ya Oktoba na Machi potwe hukusanyika upande huu wa magharibi wa kisiwa kufuata uduvi, ndiyo maana nahodha aliyenichukua hakuhangaika kutafuta pezi.

"Tazama wavuvi wa dagaa walipo, mwanangu," aliniambia asubuhi. "Dagaa naye anafuata chakula hichohicho."

Kweli, karibu na mashua zao kivuli kirefu kilipita chini ya maji. Nahodha akazima injini, nami nikavaa miwani na kujitosa.

Kilichonijia kwanza ni mdomo. Papa wengine mdomo wao uko chini ya pua, lakini wa potwe uko mbele kabisa, umetanda upana mzima wa kichwa bapa. Ana safu za meno zipatazo 300, ila ni vijino tu, havimsaidii kula. Yeye hufungua kinywa, maji yakaingia na uduvi wake, yakachujwa, kisha yakatokea kwenye mashavu, matundu 5 marefu kila upande. Koo lenyewe ni jembamba, kwa hiyo mwogeleaji hana la kuhofia mdomoni. Cha kukaa nacho mbali ni mkia. Umesimama wima, na akiupiga kushoto na kulia unaweza kukurusha mbali bila yeye kujua.

Jicho lilikuwa dogo, pembeni mwa mdomo. Potwe hana kope za kulifunika, lakini anaweza kulirudisha ndani, na jicho lenyewe lina magamba madogo mno ya kulikinga. Mgongoni, juu ya rangi ya kijivu, madoa meupe yalijipanga kati ya mistari. Hakuna potwe wawili wenye mpangilio mmoja, ndiyo maana watafiti huwapiga picha ubavuni, nyuma ya mashavu, wakamtambua kila mmoja hata baada ya miaka. Chini ya tumbo alikuwa amebeba machazo, samaki wanaojinata kwa wenzao.

"Huyu bado kijana," nahodha alisema niliporudi chomboni. Potwe huyo alikuwa mfupi kidogo kuliko mashua yetu ya mita 8, na wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambayo hayajakomaa kama yeye. Potwe mzima huweza kupita mita 12, na wapo waliopimwa hadi karibu mita 18.

Pezi la mgongoni la yule kijana lilikuwa limekatika ncha. Nahodha alinionyesha pangaboi la injini bila kusema neno. Ngozi ya potwe mgongoni yaweza kuwa nene zaidi ya sentimita 10, lakini samaki anayekula juujuu ya maji, tena polepole, hawezi kukwepa chombo kinachokwenda kasi. Kwa hiyo ukifika Kilindoni, kabla ya kuuliza bei, muulize nahodha huwa anazima injini umbali gani.