Fimbo ya Mbali

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwaka wa 2020 ulinilazimu kuitafakari upya methali hii. Mwezi Machi, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nilirejea kijijini Kakamega. Data ya tasnifu yangu, yaani mahojiano na malenga pamoja na nakala za tenzi, ilibaki katika tarakilishi ya idara jijini Nairobi.

Kabla ya kuondoka nilikuwa nimeiwekea programu ya kuniwezesha kuitumia nikiwa mbali. Msomaji asidhani pana uchawi hapa. Programu ya aina hiyo hutuma picha ya kiwambo kupitia mtandaoni, nayo hupokea mibonyezo ya vibonye na misogeo ya kipanya. Faili zenyewe hubaki zilipo. Kinachosafiri ni taswira na amri. VNC, mojawapo ya programu mashuhuri za jinsi hii, ilitolewa bila malipo mwaka wa 1998 na maabara ya utafiti mjini Cambridge, Uingereza.

Chini ya mwembe, ambako mawimbi ya simu yalipatikana, niliandika sura ya tatu. Kipanya kilijikokota kama kobe, na herufi zilichelewa hata nikadhani zimepotea. Hata hivyo, kazi ilisonga. Zilipobaki siku mbili niiwasilishe kwa msimamizi wangu, umeme ulikatika huko Nairobi, tarakilishi ikazimika. Umeme uliporudi, yenyewe haikuwaka, na hapakuwa na amri yangu ambayo ingeifikia.

Nilimpigia simu bawabu aliyeshika funguo za jengo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niambie ni chumba kipi."

Alipanda ngazi, akabonyeza kitufe kimoja. Neno la siri hakuniuliza, nami sikumtajia. Sura iliwasilishwa kwa wakati.

Hapo ndipo nilipoonja utamu wa methali. Mkono wa mbali hautoshi pasipo mkono wa karibu, na wa karibu sharti uwe wa mtu mwaminifu. Si ajabu matapeli hujifanya mafundi, wakawarai watu kwa simu waweke programu hizi, kisha wakawapora. Anayefungua mlango huo humkabidhi mgeni nyumba nzima.

Enyi wanafunzi wenzangu, tuitumie teknolojia hii bila woga, lakini tuchague kwa makini tunaowapa funguo. Na tunapoyahesabu majina ya waliotusaidia katika tabaruku za tasnifu zetu, tusiwasahau mabawabu.