Nilikodi Kamera Kubwa

Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu, tena hesabu ya shule ya msingi. Kamera ya sinema niliyoikodi Mbarara, Uganda, kwa ajili ya filamu fupi kuhusu makazi ya wakimbizi ya Nakivale ilirekodi picha ghafi za 4K, na hata zikibanwa tano kwa moja zilikula megabaiti 81 kila sekunde. Zidisha kwa 60, kisha kwa 60 tena: saa moja ya picha inameza karibu gigabaiti 290. Kadi yangu ilikuwa ya gigabaiti 256. Diski ya nje nilikuwa nayo moja tu, ya terabaiti moja, ambayo ingejaa kabla ya saa nne za picha na isibaki nafasi ya nakala ya pili. Sikuzidisha. Nilikuwa nikiangalia jinsi kamera ilivyonikaa mikononi.

Nilitaka kuonekana. Nakivale imejaa vijana wanaopiga video za harusi na kwaya kwa simu na kuzihariri kwenye simu hizohizo, nami nilitaka watu wajue kwamba mimi si mmoja wao. Nikajidanganya kwamba matamasha yanadai 4K, wakati Tangerine ya Sean Baker, iliyotoka mwaka 2015, ilipigwa kwa iPhone. Na filamu yangu ingeanza kuonyeshwa wapi? Kwenye kibanda cha video, kwenye televisheni ambayo hata Full HD inaifikia kwa tabu.

Makazi haya yapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipopokelewa Wanyarwanda wa kwanza. Baadaye wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Nilikusudia kurekodi wazee wa kila kundi. Mzee mmoja, fundi cherehani kutoka Rutshuru, alinisimulia alivyovuka mpaka wa Bunagana na kichwa cha cherehani kichwani, mkewe nyuma yake na mtoto mgongoni. Alitaja kwa majina waliobaki. Aliongea Kiswahili cha kwao Kivu, polepole, mkono ukiwa juu ya gurudumu la mashine ileile, na sikuhitaji kumuuliza swali.

Usiku ule nikaanza kunakili. Kwa laptopu yangu kuukuu, kadi iliyojaa huchukua saa mbili na zaidi. Betri ya sola ilishachoka kwa kuchaji betri za kamera mchana kutwa, maana kamera hizo humaliza betri moja kwa saa moja hivi, na umeme ukakatika kazi ikiwa katikati. Asubuhi nilifungua diski, nikaona folda, nikaona majina ya faili, nikaridhika. Sikuhesabu faili wala kulinganisha ukubwa, na sikucheza hata moja. Mama mmoja wa Kirundi alikuwa ananisubiri. Nikaifuta kadi, nikairudisha kwenye kamera, nikaijaza upya.

Niligundua Mbarara, kwa kijana anayenisaidia kuhariri. "Kaka, mbona mzee anaanza kuongea halafu hayupo?" Tulijaribu programu za kufufua faili, lakini picha mpya zilikuwa zimekalia mahali pote pa zile za zamani. Laiti ningerekodi faili ndogo, huenda tungeokoa kitu.

Hapo ndipo lilipo kosa ninaloliungama hasa. Nilirudi Nakivale, nikamwambia mzee kwamba kadi imeharibika. Akanipa pole. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi! Nikamwomba arudie. "Mwanangu, yale nimeshayasema," akajibu, akaendelea kushona.

Kwa muda nilijifariji kwa habari ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyetengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 na kufuta faili zake asilia ili apate nafasi ya filamu nyingine. Faraja hiyo haikudumu. Nabwana alifuta baada ya filamu kukamilika na nakala za DVD kutoka. Mimi nilifuta ushuhuda ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameuona.

Siku hizi napiga Full HD kwa megabiti 50 kwa sekunde, ambapo saa moja ni kama gigabaiti 22 na nusu. Fremu ni 25 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa zikipishana na kamera hupepesa. Nahariri kwa DaVinci Resolve ya bure nikitumia nakala nyepesi, na faili kubwa naziita mwishoni tu, wakati wa rangi na kutoa filamu. Kadi haifutwi mpaka diski mbili zimefunguliwa na kila faili imechezwa. Diski moja hubaki Mbarara. Picha si kali kama zile za 4K, na hakuna mtazamaji aliyewahi kuniuliza.

Mzee bado anashona, na bado hajui. Nimeanza kwa kuandika kwa sababu karatasi ni rahisi kuliko uso wake. Nitakwenda. Jarida hili likimfikia mmoja wa wanawe kabla yangu, namwomba amsomee baba yake: kadi haikuharibika, niliifuta mimi.