Saa ya Simu na Haki ya Fundi

Ndugu msomaji, kazi yangu ni kuandika programu za simu na kompyuta, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kuhesabu muda wa watu. Mtu akiisikia huiona nyepesi. Saa zipo kila mahali, na simu yenyewe ina saa. Kuna ugumu gani basi wa kuiambia ihesabu tangu fundi anapoanza hadi anapomaliza? Naandika makala haya kwa sababu ugumu upo, na sehemu yake kubwa haimo katika mashine, bali imo katika makubaliano ya wanaoitumia.

Dada yangu ana karakana ya ushonaji mjini Tanga. Hushona sare za shule, kanzu na mapazia, na ameajiri mafundi tisa wanaolipwa kwa saa. Kwa muda mrefu saa zao ziliandikwa katika daftari lililofungwa kwa uzi karibu na mlango, na kila mwisho wa mwezi daftari lile lilizaa mabishano. Huyu husema aliondoka saa 12 jioni. Yule huapa kwamba alimwona akibeba mkoba wake saa 11. Hatimaye dada akaniomba nimtengenezee kipima muda cha simu: fundi abonyeze akianza, abonyeze akimaliza, na hesabu ijifanye yenyewe.

Jambo la kwanza analopaswa kulijua mtengenezaji wa kipima muda ni kwamba programu yake isihesabu. Ni neno la ajabu, lakini ndivyo lilivyo. Anayeanza kazi hii huandika programu inayoongeza moja kila sekunde: moja, mbili, tatu, na kuendelea. Mbele ya macho yake hufanya kazi vizuri. Kisha simu huingia mfukoni, kioo huzimika, na mambo hubadilika. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, mfumo wa Android huzilaza programu pale simu inapokaa bila kuguswa, ili betri isimalizike. Programu iliyolala haihesabu. Fundi aliyeshona saa mbili huitoa simu mfukoni akakuta ameandikiwa dakika tisa.

Njia iliyo sahihi ni kuweka alama mbili. Fundi anapoanza, programu huandika wakati ule katika hifadhi ya simu. Kompyuta nyingi huuandika kama idadi ya sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970. Anapomaliza, huandika alama ya pili. Kinachobaki ni kutoa tu. Katikati ya alama hizo simu inaweza kulala, kuzimika kwa kukosa chaji, hata kuwashwa upya, na muda hautapotea. Tarakimu zinazokimbia katika kioo ni pambo la kumtuliza macho mwenye simu. Ushahidi ni zile alama mbili.

Lakini nani ataitolea ushahidi saa yenyewe? Saa ya simu inaweza kusogezwa na mtu kwa kidole chake. Akiipeleka mbele saa moja wakati kipima muda kinakwenda, amejiongezea mshahara wa saa moja. Akiirudisha nyuma, amejipunja. Si kila anayeisogeza ana nia mbaya, maana wapo wenye simu ambazo saa zake hupotea kila betri inapoisha. Kwa sababu hiyo simu ina saa ya pili isiyoonekana, inayohesabu muda uliopita tangu simu ilipowashwa. Hiyo haisogezwi na mtu, ila huanza upya kila simu inapozimwa na kuwashwa. Mtengenezaji mwangalifu huandika saa zote mbili, na intaneti ikipatikana huzilinganisha na saa ya seva. Zikihitilafiana, programu isijifanye hakimu. Iweke alama, ionyeshe hitilafu kwa pande zote mbili, na watu waamue.

Kwetu sisi kuna fumbo jingine ambalo watengenezaji wa ng'ambo hawalifikirii. Simu nyingi huonyesha saa ya Kizungu, ilhali fundi wa Tanga husema Kiswahili. Akiandika kwa mkono wake kwamba alianza saa 2, anakusudia asubuhi. Programu isiyojua hivyo humweka kazini usiku wa manane. Hilo si jambo la kucheka tu, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaitambua kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na inataka iongezewe angalau asilimia 5 ya malipo ya saa. Kosa la kusoma tarakimu moja linakuwa kosa la mshahara.

Siku nazo zina fumbo lake. Kwa wazee wetu wa pwani siku huingia jua linapotua. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule ambao kalenda ya simu huuita usiku wa Alhamisi. Wakati wa msimu wa sare, mafundi wanaposhona hadi usiku, mtu mzima na kijana wanaweza kulitaja jambo moja wakakosana kwa siku nzima, na kila mmoja akawa mkweli. Programu niliyoiandika huuliza asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha huonyesha jibu kwa maneno kamili: Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa. Ni maneno marefu katika kioo kidogo, lakini hayaachi shaka.

Mpaka hapo mimi na dada tulikuwa pamoja. Tulipotofautiana ni pale alipotaka jambo moja zaidi. Alisema, "Mdogo wangu, ikae hivi: cherehani ikinyamaza dakika tano, saa isimame yenyewe. Na wao wasiione hesabu mpaka mwisho wa mwezi, wasije wakanihesabia." Kwa ufundi, ombi lile lilikuwa rahisi. Simu inaweza kusikiliza mlio wa cherehani na kujua kama inakwenda.

Sikulikubali, na sababu yangu ilikuwa na historia. Kabla ya hapo niliwahi kufanya kazi kwa mbali kwa kampuni moja ya ng'ambo iliyonilipa kwa saa. Programu yao ilipiga picha kioo cha kompyuta yangu kwa nyakati nisizozijua, na nikikaa dakika chache bila kugusa kibodi, saa ilisimama. Ndugu msomaji, kazi ya kuandika programu aghalabu ni kukaa na kutazama tatizo. Siku niliyotegua fumbo gumu kuliko yote nililipwa kidogo kuliko siku zote, kwa kuwa nilifikiri sana na kuandika kidogo. Nikajifunza kujikinga: nilikuwa nikisogeza kipanya huku nafikiri, ili mashine iridhike. Mashine iliyowekwa kuzuia udanganyifu ilinifundisha maigizo.

Nilimweleza dada kwamba fundi cherehani naye ana kufikiri kwake. Cherehani hunyamaza anapopima, anapochora kwa chaki, anapokata kitambaa ambacho akikikosea hakirudi, anapofumua mshono uliopinda, anapobadilisha sindano. Ukimlipa kwa mlio, atakupa mlio. Atakimbiza mshono mahali palipohitaji utulivu, na mzazi atakayeirudisha sare iliyochanika atamrudishia mwenye karakana, hataikuta simu pale mlangoni.

Haja ya kuhesabu saa za mfanyakazi si mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1880, Willard Bundy, sonara wa mji wa Auburn katika jimbo la New York, Marekani, alibuni saa ya kazini ambayo kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wake wenye namba. Akiuingiza, saa huchapa namba ile na wakati katika karatasi. Kampuni iliyozitengeneza saa hizo ni miongoni mwa zile ambazo baadaye, kwa kuunganishwa, zilizaa IBM. Saa ile ya chuma iliandika kuingia na kutoka tu. Haikumfuata mtu mezani kwake kuangalia kama mkono wake unatikisika. Simu ndiyo iliyotupa uwezo huo, na kuwa na uwezo si hoja ya kuutumia.

Tulikaa kikao, dada, mimi na mafundi wote, juu ya mikeka ndani ya karakana. Fundi mkubwa kuliko wote, mama mtu mzima ambaye sote humwamkia shikamoo, alisema neno lililomaliza ubishi: "Mwanangu, mimi siogopi kuhesabiwa. Naogopa kuhesabiwa nisipopaona." Basi tukaandika masharti.

Kwanza, anayebonyeza kuanza na kumaliza ni fundi mwenyewe, na hesabu huonekana katika simu yake na ya dada kwa wakati mmoja. Pili, kosa likirekebishwa, la zamani halifutwi. Hubaki chini yake pamoja na jina la aliyerekebisha na sababu. Tatu, dakika hazikatwi. Desturi ya kuteremsha muda hadi robo saa iliyo chini huonekana ndogo, lakini humla mtu kwa wastani dakika 7 kila siku. Kwa wiki ya siku sita ni dakika 42, na kwa wiki nne ni karibu saa tatu za jasho lisilolipwa. Nne, mapumziko yaandikwe waziwazi. Sheria inampa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60, na humo ndimo chakula na swala ya adhuhuri. Dakika chache za alasiri dada mwenyewe alisema zisikatwe, na sikumshawishi. Tano, kipima muda kilichosahaulika kisikatwe kimyakimya wala kisiachwe kiendelee; programu imuulize mwenyewe aliishia saa ngapi.

Sharti hili la tano lilijaribiwa mapema. Kijana mmoja alisahau kubonyeza, akaamka na saa 22 za kazi katika simu yake. Programu ilipomuuliza, alijibu kwamba aliondoka saa 11 jioni, na wenzake waliiona alama ya marekebisho. Angeweza kuandika saa 1 usiku, na mimi nisingekuwa na namna ya kumkanusha. Lakini kila mtu aliyekuwa karakanani jioni ile angelisoma jibu lake.

Jaribio kubwa lilimjia dada mwenyewe mwezi Januari, shule zilipokuwa zinafunguliwa. Yule mama mtu mzima alifikisha saa 52 kwa wiki moja. Sheria ileile inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kila saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Saa zake 7 za ziada zikawa na thamani ya saa 10 na nusu, na hesabu hiyo ilikuwa mbele ya macho yao wote wawili. Kwa daftari la mlangoni zingepita kama saa nyingine. Dada alinipigia simu usiku ule. "Umenitengenezea programu," aliniuliza, "au umeniletea mwanasheria nyumbani?" Akalipa. Kisha kwa wiki mbili hakunipigia tena, na mama yetu ndiye aliyetupatanisha.

Sitasema kwamba kila kitu kimetulia. Sasa dada anafikiria kuacha malipo ya saa na kulipa kwa kila nguo iliyokamilika, na kwa malipo hayo programu yangu haitakuwa na kazi. Mafundi wenye mikono miepesi wanaliunga mkono. Mama mtu mzima hanyamazi, anauliza nani atamlipa anayefumua makosa ya wenzake. Ni mazungumzo yao, nami nimewaachia. Nililoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba wanapojadili wana hesabu moja mbele yao.

Ndugu msomaji, huenda nawe au mwanao mnafanya kazi ambayo saa zake huhesabiwa na simu, na vijana wetu wengi wameanza kulipwa hivyo. Kabla ya kubonyeza kitufe, uliza mambo matatu. Je, naiona hesabu yangu leo, au nitaionyeshwa mwisho wa mwezi? Je, mtu akibadilisha saa zangu, kutabaki alama? Na je, nikikaa kimya nikifikiri, nani anaamua kama nilikuwa kazini? Mwajiri mwema hataudhika kuulizwa. Na kijana anayeandika programu kama hizi ajiulize maswali hayo kabla hajaulizwa, kwa kuwa alama mbili atakazoziweka katika simu ya mtu ndizo zitakazosema, mwisho wa mwezi, kama jiko la nyumba fulani litawaka kwa raha au kwa mkopo.