Vina Vimekaa, Maana Iko Wapi?

Likizo ya Desemba iliyopita mjukuu wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuja kunitembelea hapa Mbamba Bay akiwa na kompyuta yake. "Babu, wewe ni mtu wa fasihi. Njoo uone kazi ya Wajapani," aliniambia. Kazi yenyewe ni Guilty Crown, tamthilia ya katuni yenye sehemu 22, iliyoongozwa na Tetsurō Araki katika studio ya Production I.G. na kurushwa Japani kati ya Oktoba 2011 na Machi 2012. Tuliitazama jioni baada ya jioni, ziwa likivuma nje.

Nakiri kwamba nilitekwa. Tokyo ya mwaka 2039 imechorwa kwa mkono wa mtu anayeipenda nuru. Kuna binti mwimbaji, Inori, na kuna ugonjwa unaogeuza miili ya watu kuwa fuwele. Kijana Shu Ouma amejaliwa uwezo wa kutia mkono kifuani mwa mtu na kuchomoa silaha, na umbo la silaha hiyo hutokana na moyo wa mwenyewe. Hiyo ni istiari ambayo malenga yeyote angeitamani.

Kufikia katikati nikaanza kupotea. Gai, kiongozi wa wapiganaji, anauawa, kisha anarudi akiwa adui, na sababu ya kurudi kwake inaguswa juu juu tu. Mana, dada yake Shu, anaibuka kutoka katika kumbukumbu iliyofutika, nasi tunatakiwa tuamini kwamba yote yaliyotangulia yalimhusu yeye. Shu mwenyewe ni mpole, mara mtawala katili, mara mpole tena, kabla hatujalielewa badiliko la kwanza. Kila sehemu ilipokwisha nilimuuliza mjukuu wangu, "Huyu alikuwa anataka nini?" Naye, aliyekwisha kuitazama mara mbili, alijikuna kichwa.

Ualimu haustaafu. Nikaanza kumsomesha: kwamba tukio lazima lizae tukio, kwamba kazi isiyo na muwala ni vina vilivyokaa mahali pake huku maana imehama. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha, kwa kuwa babu na mjukuu ni watani, akathubutu kusema, "Babu, hata lile shairi la Bibi liko hivyo."

Shairi hilo nililitunga baada ya mke wangu kufariki. Lina beti 32, tarbia, vina vya kati na vya mwisho havina dosari, na maneno ya kale niliyachagua mmoja mmoja kama mtu achambuaye mchele. Nililisoma mbele ya ukoo baada ya misa ya kumbukumbu, wakapiga makofi. Nilimtaka mjukuu wangu afafanue. Akasema, "Lina lulu, lina mawimbi, lina nyota iliyozama. Mimi nilidhani umeandika kuhusu meli."

Sikulala vizuri usiku ule.

Marehemu alikuwa mtoto wa milimani, Umatengo, upande wa Mbinga. Alilelewa kwenye ngoro. Kwa wasomaji ambao hawajafika huko: nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, ikafanya miraba, udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi zile. Katikati hubaki shimo, juu ya kingo hupandwa maharage, na baadaye mahindi. Mvua ikija, shimo huyapokea maji yasiukokote udongo bondeni; nyasi zikioza huwa mbolea. Ukiwa mbali, mlima mzima huonekana kama mkeka uliosukwa. Wageni husimama barabarani wakapiga picha. Mke wangu alikuwa akiwacheka: "Hatukuchimba ili wapige picha."

Basi sisemi kwamba vina na mizani ni pambo la kutupwa, na sitajiunga leo na wanaoviita pingu. Ngoro ikipoteza umbo lake haishiki maji. Uzuri wake umetokana na kazi yake, wala haukubandikwa juu. Kosa la waandishi wa Guilty Crown, na kosa langu, ni kuchora mkeka huku tumesimama barabarani, bila kuuliza maji yatapita wapi. Wao walipenda fuwele zao, nami nilipenda lulu zangu, na mwanamke aliyechimba, akapika, akanizalia watoto na kunisahihishia Kimatengo changu kibovu hakupata hata mshororo mmoja wa kusimama.

Nimeanza upya. Shairi sasa linafunguliwa hivi:

Mke wangu katutoka, Machi mvua yanyesha.

Nilimpa mjukuu wangu asome. Alisoma mara moja, akatazama ziwa kwa muda.

"Ilinyesha siku nzima, Babu," akasema. "Nakumbuka."

Ubeti wa kwanza bado haujakamilika, lakini nilijua kwamba safari hii ameelewa ni nani aliyekufa.