Waya Ulalao Kimya

Ndugu msomaji, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Methali hiyo niliijua tangu utotoni, lakini maana yake niliipata asubuhi moja ya kiangazi, uani kwetu, hapa Dar es Salaam.

Usiku, upepo wa kusi ulikuwa umevunja tawi la mwembe, likaangukia nyaya za umeme zipitazo nyuma ya nyumba. Kulipopambazuka tuliukuta waya mmoja umekatika na kulala juu ya mchanga mkavu. Haukutoa cheche wala moshi. Taa za ndani zilikuwa zimezimika. Mimi, niliyezoea kuandika misiba ya watu wengine, nikakata shauri kwamba waya ule umekufa. Nikashika ufito ili niusogeze, watoto wapate kupita kwenda shule.

"Mwanangu, simama hapo hapo!" Alikuwa mzee jirani yetu, fundi wa umeme aliyestaafu. "Nani kakwambia umekufa?"

Tulipokuwa tukiwangoja mafundi, mzee alinifundisha. Nyaya mbili zikigusana, hiyo ni shoti. Mkondo hupata njia isiyo na kizuizi, hupanda ghafla hadi mamia au maelfu ya ampea, fyuzi huyeyuka na umeme hukatika. Kishindo kile ndicho kinga yetu. Lakini mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Waya uliolala juu yake huweza kuvujisha mkondo mdogo mno, pengine usiofika ampea moja. Kwa fyuzi, mkondo huo ni mdogo kuliko ule wa pasi ya jirani, basi haikatiki. Na moyo wa binadamu waweza kusimamishwa na mkondo usiofika hata sehemu ya kumi ya ampea.

"Je, mbona taa zimezimika?" nikauliza.

"Zimezimika kwa kuwa waya umekatika kabla ya kufika kwako. Kipande kinachotoka kwenye transfoma kingali hai."

Akaongeza kwamba katika njia kubwa za volti 11,000 au 33,000, zipo swichi zinazojirudisha zenyewe baada ya sekunde chache, kwa kuwa hitilafu nyingi za nyaya za juu ni za kupita tu: tawi limegusa, au radi imepiga. Waya uliokufa sasa hivi waweza kufufuka mkononi mwako.

Mafundi walipofika na kupima, waliukuta waya ule ungali na umeme.

Ndugu msomaji, uonapo waya chini, kaa mbali nao mita 10 au zaidi, wazuie watoto, na upeleke habari kwa wahusika. Ukijikuta karibu nao, usikimbie. Ardhi yenyewe huweza kuwa na umeme. Bana miguu pamoja, uburure nyayo kidogo kidogo hadi ufike mbali.

Ule ufito niliuvunja, ukawa kuni.