Mle Wapi Mkifika Malta?

Wengi wenu mmesoma habari za Malta bila kujua. Ndicho kisiwa ambacho Biblia inakiita Melita, mahali ilipovunjikia merikebu ya Mtume Paulo. Leo ni nchi ndogo ya visiwa, kusini ya Sisilia katika Bahari ya Mediterania, na wageni wengi huenda huko kupumzika. Sisi tunaoishi Ujerumani tuliweka akiba miaka mitatu ili twende na watoto kwa juma moja, mwezi wa Oktoba.

Jioni ya kwanza ilikuwa nusura tugombane. Watoto walikuwa na njaa, tukaketi katika mkahawa wa kwanza tuliouona kando ya bahari. Hatukuuliza bei. Mkate na maji yaliyowekwa mezani tulidhani ni ya bure. Hesabu ilipoletwa, ilikuwa imemeza fedha ya chakula cha siku tatu. Baba Neema alinyamaza, nami nikanyamaza, tukarudi tulikopanga kila mmoja na lawama zake moyoni. Lakini bei zilikuwa zimeandikwa. Ni sisi tulioona haya kuzisoma mbele ya mhudumu.

Kabla ya kulala tulisameheana, tukapanga upya. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Asubuhi, tafuteni duka dogo wanakopanga foleni watu waendao kazini. Huko huuzwa pastizzi, vitafunio vya unga vyenye matabaka kama sambusa iliyochambuka, ndani mna jibini laini au njegere zilizopondwa. Viwili na chai ya maziwa vyatosha mtu mzima, na bei ni ndogo. Katika mji wa Rabat, karibu na pango ambalo wenyeji huamini Paulo alikaa, kuna mkahawa mkongwe uitwao Is-Serkin unaosifika kwa pastizzi. Mwaweza kuzuru pango na kula kwa safari moja.

Mchana, nunueni ftira, mkate wa duara uliobapa. Hupakwa nyanya na mafuta ya zeituni, ukajazwa samaki jodari, zeituni na vitunguu. Mwaka 2020 UNESCO iliutia mkate huu katika orodha ya urithi wa utamaduni. Mmoja waweza kugawanywa kwa watoto wawili. Katika kisiwa jirani cha Gozo, ftira huokwa na vipande vya viazi juu yake, nayo hushibisha kweli. Mkiwa Valletta, mji mkuu, watoto watapenda imqaret, maandazi yaliyojazwa tende na kukaangwa. Mle yangali moto.

Jioni, pikeni wenyewe. Ndiyo sababu nashauri mpange nyumba ndogo yenye jiko badala ya chumba cha hoteli. Siku ya Jumapili kuna soko la samaki huko Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi ambao mashua zao zimechorwa macho mbele. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Desemba huuzwa lampuki, ambaye wavuvi wa pwani yetu humwita fulusi. Wavuvi wa Malta huelekeza makuti juu ya maji, samaki wakaja kupumzika kivulini, ndipo huwavua. Nilicheka nilipoambiwa kwamba kwa Kimalta neno flus maana yake ni fedha, kwa kuwa fulusi wetu ndiye aliyetuokolea fedha! Nilimkaanga, nikamtia mchuzi wa nyanya, vitunguu saumu na zeituni.

Mkitamani kukaa mezani kama wageni, fanyeni hivyo mara moja, na muipangie fedha yake. Sisi tulichagua mchuzi wa sungura uliopikwa kwa mvinyo na vitunguu saumu, chakula ambacho Wamalta hula kwa sherehe. Safari hii Baba Neema alisoma bei kwa sauti, wala hakuna aliyetucheka.

Jumapili ile, kabla ya kula, tulisoma Matendo ya Mitume sura ya 27 na ya 28. Merikebuni walikuwamo watu 276, nao walikuwa wamekaa siku kumi na nne bila kula sawasawa. Paulo alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaanza kula, nao wakachangamka. Walipofika pwani wamelowa, wenyeji waliwawashia moto. Neema akauliza, "Mama, nao walilipa shilingi ngapi?" Baba yake akacheka, mara ya kwanza tangu ile jioni ya mkahawa, akanisogezea kipande kikubwa cha samaki. Kisha akaomba baraka ya chakula.