Sombe Katika Sahani Nyeupe

Kwetu Lusenda chakula cha jioni huanza siku nne kabla. Muhogo mchungu huchimbwa, humenywa, hulowekwa mpaka ulainike na kutoa ile harufu ambayo wageni huikunjia pua. Kisha huanikwa juani, hutwangwa au hupelekwa mashineni, na ndipo bugali husongwa. Sombe nayo ina kazi yake: majani hutwangwa kinuni, huchemshwa kwa muda mrefu, mawese huja nyuma. Mtu anayesema kwamba upishi wa Babembe hauna ufundi, huyo hajawahi kushika mchi.

Tena tusidanganyane kwamba wazee wetu walipika hivyo tangu mwanzo wa dunia. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, nao ukapita misituni mkono kwa mkono mpaka ukafika huku ziwani. Mahindi na pilipili pia ni wageni kutoka Amerika. Basi bibi zetu walipokea mti wenye sumu, wakajua namna ya kuula.

Tunayasema haya kwa sababu mwaka 2022 ndugu yetu mmoja alitualika Bujumbura, katika mkahawa wa bei kali, mahali ambapo wapishi hubuni vyakula vipya. Tulikuwa watu wanne, na mzee mmoja kati yetu. Sahani nyeupe zililetwa, kubwa kama ungo, kila mtu na yake, chakula kidogo katikati. Mukeke, ambaye wenzetu wa Kigoma humwita mgebuka, hakuwa na kichwa wala mfupa. Alilazwa juu ya mchirizi wa kijani. Bugali ulikatwa vipande kama vidole ukakaangwa. Mawese yalidondoshwa pembeni, matone saba. Mmoja wetu aliyahesabu. Karatasi ya vyakula, kwa Kifaransa, ilisema ile kijani ni povu la majani ya bustani. Tulionja. Sombe! Na tuseme ukweli, ilikuwa tamu.

Lakini mzee aliweka uma chini. Rangi ilimtisha, kwa maana sombe iliyoiva haing'ai hivyo. Akaomba mpishi aitwe. Alikuja kijana mwenye kofia nyeupe, mwenye adabu.

"Mwanangu, haya majani yameiva?"

"Yameiva, baba. Inatwangwa kwanza, inachemka saa mbili, ndiyo naisaga tena na mashine. Ile rangi ni ya lenga-lenga, nimechanganya."

"Na nani anakutwangia?"

"Kuko mama moja wa Buyenzi. Mimi ile kinu siiwezi, baba."

Mzee akacheka, akachukua uma wake tena.

Hofu ile haikuwa ushamba. Muhogo mchungu, mizizi na majani, una sumu ya sianidi, na kutwanga, kuloweka na kuanika ndiko kunakoiondoa. Katika nchi yetu hii daktari Trolli alieleza mwaka 1938 ugonjwa wa Kwango uitwao konzo, neno la Wayaka: mtu analala mzima, anaamka miguu miwili imekakamaa, wala haiponi. Hupata zaidi watoto na akina mama, baada ya majuma ya kula muhogo ambao haukulowekwa vya kutosha, bila samaki wala maharage. Hutokea wakati wa ukame na wakati wa vita, maana mtu anayekimbia hana siku nne za kungoja maji yafanye kazi yao.

Kwa hiyo kukaanga bugali hakutusumbui. Watu wa Fizi waliovuka ziwa mwaka 1996 na kupelekwa kambi ya Nyarugusu walijifunza kula unga wa mahindi na mbaazi za msaada, na akina mama wakazipa ladha walivyoweza. Kuna watoto waliozaliwa kule ambao, waliporudi, waliona muhogo ndio chakula cha kigeni. Na mwaka 2015, kambi ilipofunguliwa hapa Lusenda, Warundi walikuja na mapishi yao ya maharage. Sufuria za huku zimezoea wageni.

Kilichotukaa moyoni ni ile karatasi. Mukeke aliandikwa kwa jina lake, kwa sababu Bujumbura nzima inamjua na kumlipia. Sombe ilinyimwa jina. Ikiitwa povu, hakuna atakayeuliza ilitwangwa wapi, na kazi yote inaonekana ni ya mashine na kofia nyeupe. Yako mengine yanayofanyika. Dieuveil Malonga, mzaliwa wa Kongo-Brazzaville aliyesomea upishi Ujerumani, alifungua mwaka 2020 huko Kigali mkahawa uitwao Meza Malonga, "meza" hii hii ya Kiswahili chetu. Chakula chake ni cha ubunifu na cha gharama, lakini yeye husema wazi kwamba amezunguka nchi nyingi za Afrika akifundishwa na mabibi. Kijana wetu wa Bujumbura naye hakuficha alipoulizwa. Ila ilibidi aulizwe.

Tuliporudi tulimsimulia shangazi. Habari ya matone saba ya mawese hakuisadiki. Habari ya samaki asiye na kichwa ilimchukiza, akauliza kichwa walimpa nani. Kisha tukamwambia kwamba yule mama wa Buyenzi hulipwa kwa beseni, kila beseni la sombe na bei yake, na tukaitaja bei kama mpishi alivyotuambia. Shangazi alinyamaza, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Halafu akauliza kutoka stendi mpaka Buyenzi mutu anapita njia gani.